Usimuue Bwana Kusi, mfunge

Kijana mmoja wa Mikindani ameniandikia hivi:

"Shikamoo kaka. Naendesha mchezo wa dadu na hadithi kila Jumamosi jioni kwenye baraza la nyumbani, tuko sita pamoja na mimi. Wahusika wa wenzangu wamefika ngazi ya tano. Mwanzoni mwa kampeni, yaani hadithi yetu ndefu ya vikao vingi, nilimweka mchawi mkubwa anaitwa Bwana Kusi, anakaa mnarani juu ya ghuba. Nilitaka awe mlezi wao. Sasa kila wakikwama wanasema twende kwa Bwana Kusi. Jumamosi iliyopita walivamiwa na zimwi bandarini, nikaona watakufa wote, nikamleta Bwana Kusi akalimaliza. Nilidhani watashangilia. Mmoja akatoa simu yake, mwingine akasema, basi muache Bwana Kusi acheze peke yake. Nifanyeje? Nimuue? Na wakiniuliza kwa nini hamalizi matatizo yote mwenyewe, niwaambie nini?"

Marahaba, mdogo wangu.

Usimuue. Naanza na hilo kwa sababu Jumamosi haiko mbali na najua mkono unakuwasha. Ukimuua sasa, wenzako wataelewa kwamba msimulizi wao, yaani wewe, amekasirika, basi. Mnara utabaki mtupu, na baada ya majuma matatu utajikuta umeweka mkubwa mwingine humo humo, maana hadithi ya wafalme, majoka na wachawi haiendi bila wakubwa. Nguvu za Bwana Kusi hazina kosa. Kosa ni kwamba hakuna kinachomfunga. Anatoka mnarani saa yoyote, anafika popote, hadaiwi na mtu, haogopi kupoteza chochote. Ukimpa mtu wa namna hiyo nafasi mezani, wachezaji wako wanakuwa watazamaji, na mtazamaji akichoka hutoa simu.

Hayo yaliwahi kunikuta mimi hapa Lindi. Ulikuwa msimu wa korosho, watu wana hela kidogo, tumepata karanga na soda, meza imejaa. Nilikuwa na malkia shujaa niliyempenda kupita wahusika wote niliowahi kuwatunga. Jeshi la mazimwi likaja, nikamtoa malkia wangu kwenda kupigana nalo. Nikarusha dadu ya malkia, nikarusha ya mazimwi, nikajumlisha, nikatoa, nikasimulia, nikarusha tena. Nilikuwa nimezama kabisa. Nilipoinua macho, dada mmoja wa kundi letu alikuwa anapanga maganda ya karanga ukingoni mwa meza, moja moja, mstari ulionyooka vizuri, na mstari ule ulikuwa umekwisha kufika upande wa pili. Hakulalamika, wala wenzake hawakulalamika. Lakini ule mstari wa maganda sijausahau, na tangu siku ile sijawahi kurusha dadu mbili za kwangu zikishindana zenyewe mbele ya watu waliokuja kucheza.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mchezo huu una mizizi yake kwenye hesabu. Dungeons & Dragons, mama wa michezo ya namna hii, ilipotoka Marekani mwaka 1974, ilitokana na michezo ya vita ya kusogeza vikosi mezani, na ndiyo maana mpaka leo nguvu ndani yake zinapimika. Ukizitazama kanuni za msingi za toleo la tano, zile ambazo tangu Januari 2023 zimeachwa huru kwa yeyote kuzitumia, raia wa kawaida ana pointi 4 za uhai, yaani kiasi cha majeraha kinachomwangusha. Mchawi mkuu ana 99. Joka jekundu la kale lina 546. Mchawi wa ngazi ya tano, kama yumo kati ya wahusika wa wenzako, ndiyo kwanza amepata uchawi wa mpira wa moto, unaorusha dadu nane za pande sita, wastani wa pointi 28 za majeraha. Kwa hiyo ukimweka Bwana Kusi na zimwi kwenye uwanja mmoja na vijana wako, hesabu imeshaamua nani atakayetajwa kwenye hadithi. Huwezi kuifunika kwa maneno matamu. Wenzako wanajua kuhesabu.

Lakini kanuni hizo hizo, ukizisoma kwa makini, zinaonyesha kwamba huyo mkubwa hayuko huru kama ulivyomfanya. Mchawi mkuu anayeelezwa mle ana uchawi wa kuruka kutoka mahali hadi mahali, wa daraja la saba kati ya tisa, na nafasi ya kutumia uchawi wa daraja hilo anayo moja tu kwa siku. Akishuka bandarini kwa uchawi huo, kurudi mnarani ni ama atumie nafasi ya daraja la nane au la tisa, zile alizoziweka kwa ajili ya kuilinda akili yake na kuusimamisha wakati, ama apande kilima kwa miguu kama sisi. Na safari yenyewe haina uhakika. Hata mahali anapopafahamu vizuri sana, dadu ya mia ikitoa 1 hadi 5 ni ajali inayomuumiza, ikitoa 6 hadi 24 anaangukia kwingine. Kinachomhakikishia kufika ni duara maalumu lililochorwa huko aendako, au kitu kilichotoka mahali hapo hivi karibuni, kiwe mkononi mwake.

Hapo mimi ningesimama kwa furaha. Kitu kilichotoka mahali hapo! Nani atakipeleka? Mkubwa hawezi kufika pangoni mpaka mtu mdogo afike kwanza, achukue jiwe, amletee. Umepata safari nzima ya vikao vitatu kutoka kwenye mstari mmoja wa kanuni, na bila kumpunguzia Bwana Kusi hata pointi moja.

Sasa nikusimulie habari ya mkubwa wa kweli, wa huku kwetu mkoani Lindi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa wingi wa kutoa kwake. Huyu ndiye wa Husuni Kubwa, lile jumba la vyumba zaidi ya mia moja juu ya genge la bahari, ambalo magofu yake wengi wetu tumeyatembelea. Dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita mikononi mwa mji wake. Ijumaa moja anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamwita kwa ile lakabu: Ewe Abu al-Mawahib. Sultani akaitika, akamuuliza haja yake. Fakiri akasema, nipe hizo nguo ulizovaa. Akajibiwa, nitakupa. Fakiri akasema, sasa hivi. Sultani akasema, naam, sasa hivi. Akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nguo nyingine, akazivua zile, akamwambia fakiri aingie azichukue. Fakiri akazifunga kwenye kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake. Baadaye mtoto wa sultani akazirudisha nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Isome tena kama msimulizi. Fakiri ni ngazi ya kwanza, pengine hata hiyo hajaifika. Sultani ni ngazi ya ishirini, ana askari, ana jumba, ana bahari. Hakuna dadu ya vita iliyorushwa. Fakiri alijua jina linalomfunga mkubwa, akalitamka mbele ya watu, siku ya Ijumaa, njiani kutoka msikitini. Sultani hakuwa dhaifu hata kidogo, lakini akikataa, jina lake linakufa pale pale, na jina ndilo alilolijenga maisha yake yote. Hiyo ndiyo silaha ya mdogo mbele ya mkubwa, na mchezaji akiigundua mwenyewe utaona anavyosogea mbele ya kiti.

Kwa hiyo kabla ya Jumamosi kaa na daftari, andika juu ya Bwana Kusi mambo ambayo kanuni hazikuandikii. Ameapa nini, na mbele ya nani? Anadaiwa na nani? Ni kitu gani akikiacha kwa usiku mmoja kitaharibika? Usiandike majibu ya jumla. Ukiandika "analinda dunia" hujaandika kitu, kwa sababu wenzako hawawezi kuishika dunia mkononi. Andika kwamba chini ya mnara kuna lango la bahari, na kila usiku lazima alifunge kwa mkono wake kabla maji hayajajaa. Andika kwamba miaka ya nyuma alitumia uchawi ndani ya mji, ngalawa thelathini zikaungua pwani, akawaapia wavuvi kwamba hatatamka tena neno la moto chini ya kilima. Andika kwamba kuna mwanamke anauza ming'oko sokoni, ambaye mumewe alikuwa kwenye moja ya ngalawa zile, na Bwana Kusi hawezi kumtazama usoni.

Sasa una jibu la lile swali lao la kwa nini hamalizi mwenyewe. Na tafadhali, usiwajibu kwa mdomo wako wala usimwache mchawi ajieleze. Jibu la kwamba ana shughuli nyingi ndilo baya kuliko yote, maana linasikika kama ofisi ya serikali saa tisa alasiri. Wafike mnarani jioni, wamkute amepiga magoti kwenye maji, mikono iko ndani ya lango, anawasikiliza huku meno yameumana. Wakimwomba ashuke mjini, aseme, "Nikisimama, mtapata dakika ngapi?" Wataelewa wenyewe.

Umeshamvunjisha kiapo, lakini. Amekwisha kushuka bandarini akaua zimwi. Usilifute tukio hilo! Wasimulizi wengi wakikosea hutaka kujifanya halikutokea, na wachezaji hupoteza imani kwamba yanayotokea mezani yana uzito. Lichukue kosa lako ulifanye la Bwana Kusi. Alishuka, akatamka neno la moto mbele ya wavuvi walewale, na usiku ule lango likabaki wazi. Sasa kuna gharama, na gharama inatembea mjini.

Kuna jambo la malezi ambalo naona vitabu vya mchezo huu havina, kwa sababu waliouandika hawakukulia huku. Bwana Kusi ni mzee. Ukiigiza sauti ya mzee mbele ya vijana wa Mikindani, wanachofanya kwanza ni kumwamkia, na wanachofanya pili ni kutii. Nimeliona mara nyingi. Msimulizi anadhani amewapa ushauri, kumbe wameusikia kama amri, kwa sababu tumelelewa hivyo, mzee akisema hujibizani naye. Halafu msimulizi analalamika kwamba wachezaji wake hawana maamuzi. Watayatoa wapi, na babu ameshasema?

Dawa yake nayo tunayo wenyewe, ni utani. Mtani anaruhusiwa kumwambia mkubwa ukweli mchana kweupe, hata msibani, na mkubwa hana ruhusa ya kukasirika. Mfanye mmoja wa wahusika awe mtani wa Bwana Kusi, wa ukoo au wa kabila mlilolibuni. Chagua mchezaji aliyechoka kutazama, usimchague yule anayeshika mazungumzo kila mara. Mwambie pembeni: wewe peke yako unaweza kumcheka huyu mchawi, kumkatalia, hata kumnyang'anya kofia akalipa faini. Mimi nilimpa nafasi hiyo yule dada wa maganda ya karanga, kwenye kampeni iliyofuata. Kikao cha kwanza alimwambia mfalme wa majini kwamba ana miguu kama ya mbuni. Meza yote ilishtuka, mfalme akainamisha kichwa, na kuanzia hapo hakuna aliyeogopa kubishana na wakubwa wangu.

Jambo lingine ni uso wako mwenyewe. Umewahi kuona ngoma ya mapiko ya Wamakonde? Anayevaa kinyago hufunikwa mwili mzima, asijulikane ni nani, maana akitambulika tu kwamba ni fulani wa nyumba ya pili, kilichokuja uwanjani kimeondoka. Msimulizi naye akianza kutumia kinywa cha mkubwa kusema anayoyataka yeye, watu wanaona miguu yake chini ya vazi. "Bwana Kusi anadhani mngeenda kaskazini." Nani anadhani hivyo? Wewe, kwa sababu umeandaa pango la kaskazini na hujaandaa kitu kingine. Ukitaka waende kaskazini, weka kitu huko wanachokitaka. Bwana Kusi aseme yale ambayo yeye, kwa hofu zake na madeni yake, angesema, hata kama yanaharibu mpango wako. Akiwa mwoga kuhusu moto, awashauri vibaya kuhusu moto. Mkubwa anayekosea anapendwa mezani kuliko mkubwa anayejua yote.

Wakimwomba msaada, asikatae tu na asikubali tu. Naye aombe kitu, na kisiwe pesa. Kuna jambo moja mkubwa hawezi kabisa, nalo ni kupita bila kuonekana. Sultani akitoka, siwa inapulizwa na mji mzima unajua. Mchawi wa mnara akikanyaga soko, kila adui yake anapata habari kabla hajafika kwenye kibanda cha samaki. Vijana wa ngazi ya tano wanaweza kukaa hapo wakala pweza na kusikiliza. Hiyo ni thamani yao kwake, na inafaa waijue, ili siku wakirudi mnarani wasirudi kama ombaomba.

Kwa msaada wa mbali upo uchawi mmoja wa daraja la tatu ambao naupenda kupita kiasi. Unampelekea mtu ujumbe popote alipo, na kikomo chake ni maneno 25. Naye anaweza kujibu hapo hapo. Waliotunga kanuni hiyo walihesabu maneno ya Kiingereza, na sisi Waswahili hapo tumependelewa, maana neno letu moja linabeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. Tazama: "Nimewasikia. Sitakuja. Lango likiachwa usiku mmoja, bahari itaingia mjini. Mtafuteni mwanamke anayeuza ming'oko sokoni, ananidai. Mwambieni nimekubali kulipa. Msimwamini nahodha." Hayo ni maneno 20, na bado ana akiba ya matano. Ameeleza kwa nini haji, amewapa mtu wa kumtafuta, amekiri deni, amewatia shaka juu ya nahodha ambaye wenzako walikuwa wanampenda. Maamuzi yote yamebaki kwao. Wewe mwenyewe hesabu maneno kwa vidole mbele yao, uwaone wanavyosubiri neno la mwisho.

Ikitokea kweli lazima apigane upande wao, basi kuna njia mbili, na ninayoipenda ni ya kwanza. Mkabidhi mchezaji mmoja karatasi ya Bwana Kusi, ile yenye nguvu zake zote, kwa kikao hicho, arushe dadu yeye, achague uchawi yeye. Atajisikia amekabidhiwa mji. Ya pili ni kumpa mkubwa vita vyake pembeni, uvisimulie kwa sentensi moja kila mzunguko bila kurusha chochote: amelishika joka kwa mnyororo wa mwanga, mnyororo unalegea. Kisha geukia wachezaji, ambao kazi yao ni kufika kwenye lango kabla mnyororo haujakatika. Mkubwa amekuwa saa ya ukutani, na wao ndio wanaokimbia.

Hukuniuliza kuhusu wakubwa walio maadui, ila zimwi lako la bandarini linanionyesha kwamba linakuja swali hilo pia. Zimwi lile lilitokea ghafla, likiwa na nguvu za kuwaua wote, na wao hawakuwa na habari. Ndiyo maana ukalazimika kumwita Bwana Kusi. Kosa lilianza hapo, kabla ya mchawi.

Adui mkubwa aonekane kwa alama zake muda mrefu kabla ya mwili wake. Fikiria Tendaguru, kilima kisicho mbali na hapa nilipo. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa ya wale mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, kutoka kule mpaka bandari ya Lindi, kwa miguu, kabla haijavushwa kwenda Ujerumani. Mjusi mwenyewe alikuja kusimamishwa mzima Berlin mwaka 1937, na tangu alipopangwa upya mwaka 2007 ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Lakini mimi nawaza kuhusu mpagazi. Amejitwika kipande cha mfupa mmoja tu, mzito kama jiwe, na anatembea siku kadhaa akijiuliza mwenye mfupa huu alikuwa na ukubwa gani. Nililitoa joka langu bora kwenye wazo hilo. Wachezaji walikodiwa kubeba mzigo uliofungwa turubai. Kikao cha pili mvua ikanyesha, turubai likafunguka, wakaona jino. Kikao cha tano wakaambiwa kwamba jino lile lilikuwa la mtoto, na mama yake analitafuta. Hakuna aliyetaka kupigana naye. Walianza wenyewe kupanga jinsi ya kulirudisha.

Na wakiamua kupigana naye bado? Waambie wazi. Sio kwa vitisho vya maneno, waonyeshe: kundi la mashujaa wanaowajua, wenye ngazi juu yao, warudi wawili badala ya sita. Acha njia ya kukimbia iwe wazi na waione. Wakishaona hayo yote na bado wakaingia pangoni, ziache dadu ziseme, usiwaokoe kwa mlango wa nyuma. Ukiwaokoa mara moja watajua kwamba hakuna hatari, na hofu hairudi tena. Upande wa pili ni huo huo: wakibuni hila nzuri, dadu ya pande ishirini ikasimama kwenye 20, joka likaanguka kikao cha tatu wakati ulilipanga liishi mpaka mwisho wa mwaka, liache life. Nimewaona wasimulizi wanamwongezea adui pointi za uhai chini chini ili asife mapema. Wachezaji huhisi. Hawatakwambia, lakini huhisi.

Ikifika siku Bwana Kusi atakapokufa kweli, kwa sababu ya hadithi na siyo kwa hasira zako, rudi tena Kilwa. Ibn Battuta anaeleza kwamba baada ya al-Hasan alitawala ndugu yake Daud, naye alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija, anaambiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni wakakaa miezi mingi wakisubiri kidogo, mpaka watu wakaacha kwenda mlangoni pake. Ni jumba lile lile na bahari ile ile, na watu sasa hawaendi. Kifo cha mkubwa kionekane hivyo, kwa walinzi wapya wasiowajua wachezaji wako kwa majina, kwa mlango waliozoea kuusukuma ambao sasa unabishwa hodi. Na kama wana uchawi wa kufufua, wakumbushe kanuni: wa daraja la tano unataka almasi ya thamani ya vipande 500 vya dhahabu na maiti isiyozidi siku kumi. Kutafuta almasi kwa siku kumi huku lango la bahari halina mfungaji, hapo una kampeni nyingine.

Sasa Jumamosi yako. Ningeanza asubuhi ya baada ya zimwi. Maji yamefika ngazi ya msikiti wa mji wenu wa hadithi, samaki wafu wako barazani kwa watu, na wavuvi wamekusanyika chini ya kilima, wamenyamaza. Wanawaangalia wachezaji, kwa sababu kila mtu aliona kwamba ni wao waliookolewa. Usitoe adui hata mmoja kwa saa ya kwanza. Waache waongee na watu. Yule aliyesema muache Bwana Kusi acheze peke yake, mpe yeye utani, na mpe kabla ya kuanza, mkiwa wawili tu, wakati mnapanga viti. Usimwombe radhi kwa maneno mengi, mwambie tu kwamba alichosema umekisikia na umekifanyia kazi.

Ujumbe wa Bwana Kusi uandike kwa mkono, kwenye karatasi halisi, ukunje, ulowanishe pembe moja kwa maji ya chumvi na uianike juani Ijumaa ili ikakamae. Wakishauliza mchawi yuko wapi, usiseme kitu. Itoe mfukoni, iweke katikati ya meza, na usubiri uone nani atakayeichukua kwanza.